Nguzo Nane za Luka Maige wa Masumbwe

Baba, leo umetimia mwaka mmoja tangu utuache, na bado watu wanafika kuulizia nguzo zako za kutiwa dawa. Hakuna aliyefika kama yule mgeni wa mwisho uliyempokea mwenyewe.

Tulikuwa tunakunywa uji aliposhuka kwenye bodaboda na kipande cha nguzo ndani ya gunia.

"Naitwa Mwinjuma, natoka Tanga. Wewe ndiye Luka uliyesema nguzo zako haziliwi?"

"Mchwa hawazili," ulimjibu.

"Wadudu wa baharini wamezila."

Mpwa wake, mchimbaji wa huku Geita, ndiye aliyemwagizia nguzo nane za gati la wavuvi, nawe uliahidi zikiliwa utampa nyingine. Sasa gati lilikuwa limeinama, na kina mama walishusha samaki huku maji yakiwafika kifuani.

Mwingine angebisha. Wewe ulimkaribisha uji, ukachukua msumeno, ukakipasua kile kipande. Ndani kulikuwa na matundu mapana kama kidole, kuta zake nyeupe kama chokaa.

"Paskazia, njoo uone! Mdudu anapiga lipu nyumba yake!"

"Kakushinda," Mama akasema. "Jiko langu mwaka wa tatu halina lipu."

Mchana kutwa uliuliza: ana meno? Anapumuaje? Martina, binti yako aliyetoka kuhitimu masomo ya misitu, akakueleza kuwa si mchwa hata kidogo. Ni wa ukoo wa chaza, anatoboa mbao kwa magamba mawili kichwani. Kisha akakuambia lililouma: dawa yako ya boroni ni aina ya chumvi, huyeyuka majini. Bahari iliiosha yote.

"Kumbe nilimtilia chumvi kwenye mboga yake," ulisema.

Nyuma ya nyumba zilikuwepo nguzo nane nyeusi za zizi letu jipya. Ulikuwa umezichemsha kwenye kriosoti, mafuta meusi ya lami yasiyoyeyuka majini, ukaziacha zipoe humohumo ili zinywe dawa mpaka ndani.

"Apewe hizo," ulisema.

"Na ng'ombe je, Baba Martina?" Mama akauliza.

"Watakaa kwa jirani, kwa Bujiku."

Wiki mbili baadaye ulitutoka, lori halijapatikana. Msibani wengine walimshauri Mama azibakize, maana aliyeahidi hayupo. Mama aliwaongezea chai. Matanga yalipokwisha, wanao Martina na Sostenes walizipeleka Isaka, zikapakiwa kwenda Tanga.

Juzi Mwinjuma alipiga simu. Amezigonga moja moja kwa nyundo, kama ulivyokuwa unagonga kila ubao uliopita mbele yako, na hajaona tundu. Zitadumu miaka mingapi? Hatujui. Martina amemwomba azikague kila mwaka, kwa sababu wewe ungetaka kujua.

Wabeja, Baba, asante sana. Siku zote utabaki mioyoni mwetu: mkeo Paskazia, wanao Martina na Sostenes, dada yako Bernadina, na jirani yako Bujiku, ambaye mpaka leo ng'ombe wetu wanalala kwake.