Mvua ya Pili Imetudanganya

Mama,

Nimekasirika, na sina mwingine wa kumkasirikia. Ile mvua yako ya pili imetudanganya.

Intumba zetu, yale matuta ya majani tuliyofukia mimi na wewe mvua zikiishia, uliyaacha hayajaoza, ukafa. Yameoza vizuri. Shule ilipofungwa nilitoka Mazwi ninakofundisha nikaja kuyatawanya mwenyewe. Nikafuata ulivyonifundisha: mvua ya kwanza iache ipite, ya pili ikinyesha mwaga ulezi, haikatiki tena. Ikanyesha. Nikamwaga nusu ya mbegu zako. Ulezi ukachipua, mama, nikajiona mkulima kweli. Halafu likawaka jua, likawaka, mpaka shamba zima likakauka.

Jana imenyesha tena. Kaka Deo anasema nipande, hii ndiyo yenyewe. Mkewe anasema nisithubutu, maana zilizobaki kwenye kibuyu juu ya jiko ndizo za mwisho, na mbegu yako hiyo hapa kijijini hakuna mwingine aliye nayo. Wananiangalia mimi niamue, eti mwalimu wa sayansi.

Sayansi gani? Nakumbuka tukipepeta maharage nilikuuliza unajuaje kwamba ya pili haikatiki. Ukasema, "Tangu nimeolewa hapa haijawahi kunidanganya." Nikakubana: na unajuaje kwamba kesho itafuata ya jana? Ukasema, "Kwani lini haikufuata?" Ukacheka, ukaendelea kupepeta. Mama, hilo si jibu! Nakuuliza kama ya nyuma yanaweza kutuambia ya mbele, unaniletea ya nyuma tena. Ni kama mtu kujiwekea dhamana mwenyewe polisi.

Kinachoniuma ni kwamba darasani nafanya hivyohivyo. Tunachemsha maji, tunapima, tunarudia, kisha naandika kanuni ubaoni kana kwamba maji yametia sahihi. Tangu jana natafuta sababu iliyo bora kuliko yako. Sina. Inaudhi mno.

Nikasema basi, nisipande, nizitunze. Lakini naamini kwa nini kwamba mwakani zitaota? Kwa kuwa miaka yote ziliota. Ebo! Hata kukaa bure bila kufanya lolote kunataka imani ileile. Hata kushuka kitandani nikitegemea sakafu itanishika.

Na wewe je? Kila ulipougua uliinuka. Safari zote. Asubuhi ile nilikuwa nimeshakukorogea uji, nakusubiri uamke ulalamike hauna sukari. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, mama. Kwa nini ningekuwa nao? Ulikuwa unainuka.

Basi kesho asubuhi nazimwaga zote. Usidhani umenishinda, sina uhakika wowote, ila nimechoka kuzitazama. Zikikauka nitakuja kaburini nikugombeze mpaka majirani watoke nje. Zikiota, sitasema ulikuwa sahihi. Nitasema zimeota, basi.

Pumzika, mama yangu. Nakukumbuka hadi hasira zinanishika, ndivyo nilivyo, unanijua. Ila nakuahidi hili: zikiota nitatunza mbegu juu ya jiko kama ulivyotunza wewe, na siku mwanangu atakaponiuliza nimejuaje kwamba mvua haitakatika, nitamwambia sijui. Halafu nitampa jembe.

Mwanao,
Skola