Waliingia Kinyumenyume

Jumapili, Mugango

Kaka Magesa, tumbo moja na mimi! Ni yeye aliyenipeleka kwa wenzake wa timu. "Dada yangu anasomea michezo na jamii chuoni, mwambieni kila kitu." Wakaniambia: uwanjani wanaingiaga kinyumenyume, uchawi wa wapinzani usiwaone sura.

Leo wapinzani wetu wa Bunda nao wameingia kinyumenyume, wakatufunga. Wachezaji wetu wote wakanigeukia mimi, eti nimetoa siri.

Nikamwangalia kaka anitetee. Juzi alilala Bunda kwa wakwe zake, akarudi amelewa. Sasa akatema mate chini. "Wasomi hawa, kila kitu wanaandikaga."

Swali langu la utafiti lilikuwa: timu ya kijiji ikifungwa, nani anabebaga lawama? Basi, jibu nimepata. Na jezi ya kaka nimemfulia, imeanikwa hapo nje.