Masikio ya Ng'ombe wa Udongo

Alhamisi, Nainokanoka

Na nilijiona nimefanya kazi nzuri. Jana watoto wa darasa la pili walipotoka, nilichukua ng'ombe waliowafinyanga, mmoja mmoja, nikaziba kila pengo nililoliona kwenye masikio. Nilidhani ni makosa ya vidole vidogo. Kesho wazazi wanakuja kuangalia maonyesho, sikutaka waone kazi mbovu. Nikawakausha karibu na jiko la uji.

Leo watoto wameizunguka meza, hakuna aliyemchukua ng'ombe wake. Naserian akaniuliza taratibu, "Mwalimu, nani amewafutia alama?"

Kila boma hukata masikio ya ng'ombe wake kwa namna yake. Miaka mitatu naishi hapa, ng'ombe wanapita mlangoni kwangu kila siku, sijawahi kuyaangalia masikio yao. Kwetu Karatu tunao wanne tu, tunawajua kwa majina.

Nikawaambia wakate upya. Wa kwanza alipojaribu, sikio zima likadondoka. Nikawazuia.

Mwalimu mkuu anasema niwapange hivyo hivyo, wazazi hawatagundua. Hawatagundua? Mtu anayemjua ng'ombe wake kwa sikio tangu utoto...

Ninayemwogopa ni mama yake Naserian. Ng'ombe wao wote walikufa kwa ukame. Alibaki huyu wa udongo. Nimemwomba mtoto msamaha. Akamgeuza ng'ombe wake, akamtazama masikio, akamrudisha mezani.

"Basi huyu awe wako, Mwalimu."