Stelingi Hafi

Kuna swali lako, Dada Zamu, ambalo sikuwahi kulijibu. Ulikuwa kitandani, mgonjwa, ukaniuliza kama nitampata mwanamume wa kupendeza kama wale wa sinema. Nimempata. Nimeolewa, wiki ya tano sasa. Anaitwa Swadiki, ni mwanajeshi, na akicheka nasahau chungu jikoni. Tumekula maharage ya kuungua mara tatu, naye anasema ni matamu.

Unakumbuka Jumamosi zetu mjini, zile picha za vita? Mizinga siikumbuki tena. Namkumbuka askari aliyempulizia supu mwenzake aliyefungwa bandeji mikono yote miwili. Namkumbuka mwingine aliyeandika barua juu ya kofia ya chuma, penseli ikatoboa karatasi. Wewe ulininong'oneza, "Tazama vidole, mdogo wangu. Bunduki zote ni sawa."

Na ile siku stelingi, yule shujaa mkuu, alipopigwa risasi picha ikiwa katikati. Ukumbi mzima ulikataa. "Anajifanya huyo," wakasema nyuma yetu. "Stelingi hafi, nyinyi. Ngojeni." Tukangoja. Picha ikaisha, taa zikawashwa, bado tumekaa, mpaka mkata tiketi akaja kutufukuza: "Mnamngoja nani? Amekufa, nendeni kwenu." Ulicheka njia nzima mpaka nyumbani Bwaise. Mimi nililia.

Juzi Swadiki alipewa amri. Anaondoka Ijumaa kwenda mpakani. Zaidi ya hapo hasemi, na siku hizi nani anauliza? Nimeshona vifungo vya shati lake, vyote, hata vilivyokuwa vizima. Nikamsimulia picha ile. Akanivuta sikio: "Bibi harusi, kwani mimi si stelingi wako?" Nikacheka, Dada, kwa sababu alitaka nicheke. Kisha nikaingia jikoni, nikashika ukuta.

Nilidhani mke ana la kufanya. Hana. Kwako pia sikuwa nalo. Nilikushikia kikombe, ukageuza uso, nikaendelea kukishika tu.

Nampenda mno. Sijui mtu anampeleka wapi mapenzi ya namna hii siku ya Ijumaa.

Pumzika, Dada. Wanasema kaburi lako kule Bombo limeota majani. Nitakuja kuyang'oa kabla mwezi huu haujaisha. Mama nimemwambia tutakuja wawili, umwone shemeji yako. Wewe sijawahi kukudanganya: nitakuja mimi peke yangu.

Mdogo wako,
Hawa