Mzee Mwinjuma Ameomba Tena Sharubati Yangu

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba unisaidie upesi, maana zimebaki wiki mbili kufika Maulidi na mimi nimefanya jambo ambalo hata mchungaji sijamwambia. Tunakaa Makuyuni, mume wangu Filemoni ni mpishi wa meneja mmoja wa mkonge upande wa Ngombezi, na baada ya karamu moja bibi wa nyumba alimpa chupa ya vodka iliyobaki nusu, pombe kali ya Kizungu nyeupe kama maji, akaileta nyumbani ameificha ndani ya kapu la mboga kwa kuwa sisi Waafrika haturuhusiwi kuwa nayo bila kibali cha serikali, akanifundisha wanavyoichanganya kule. Jumamosi yeye akiwa kazini nikaponda nanasi, nikalikamua kwa kitambaa, nikatia pasheni sita, ndimu mbili na sukari, nikamimina vodka vikombe viwili, nikaliweka jagi ndani ya beseni la maji ya baridi nikimngoja rafiki yangu Hosiana tuonje, halafu nikaenda kisimani.

Huku nyuma akaja jirani yetu Mzee Mwinjuma, anayefundisha watoto Kurani, mtu ambaye hajaonja pombe maisha yake yote, ametoka shambani ana kiu, na mama mkwe wangu, asiyejua kitu, akamkaribisha sharubati. Niliporudi na ndoo kichwani nilikuta amemaliza glasi ya kwanza na mama anammiminia ya pili. Mshauri, nilinyamaza. Mama mkwe amelelewa misheni ya Lutindi, niliogopa ajue kwamba nakunywa, nikajiambia kidogo hakitamdhuru, nikasimama pale na ndoo yangu naangalia mpaka glasi ya tatu. Alianza kucheka peke yake, akasimulia mambo ya ujana wake Handeni hadi mama akainamisha uso, kisha alipotaka kusimama miguu ikamkatalia, akalala kwenye mkeka wetu na sala ya alasiri ikampita. Mkewe alidhani ni homa, akamnywesha kwinini.

Kesho yake alikuja mwenyewe. "Mwanangu, homa ile ilinishika vibaya, lakini sharubati yako sijapata kunywa mfano wake. Umetia nini?"

"Nanasi, mzee, na pasheni."

Sasa amewaambia wanawake kwamba sharubati ya Maulidi nitatengeneza mimi. Mkewe amejaribu mara mbili, mzee anasema ya kwake haichangamshi. Nikitengeneza bila vodka atagundua? Filemoni anasema ninyamaze, chupa imekwisha na mambo yamekwisha.

Ni mimi R., Makuyuni

*

Bibi R.,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikidhani mara ya kwanza nimekosea kusoma. Mzee wa watu amelewa bila kujua, na wewe unaniuliza kama atagundua tofauti ya ladha.

Glasi ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Ya pili na ya tatu ni zako. Ulimwangalia mtu mzima akivunja dini yake ili wewe usigombezwe, kisha ukaacha anyweshwe kwinini kwa homa ambayo hakuwa nayo. Angedhurika, ungemwambia nini mkewe?

Woga wako naufahamu. Mama mkwe wa namna hiyo si mchezo, na sheria ya vileo haina huruma kwetu. Lakini mumeo anakupotosha. Mambo hayajakwisha, maana mzee sasa anaitafuta ladha ile na hajui anachokitafuta.

Usingoje Maulidi. Mwambie mama mkwe leo, kabla hajasikia kwingine. Kesho asubuhi, watoto wakiwa hawajafika kusoma, nendeni kwa mzee wewe na Filemoni, mkae naye faragha. Mpe shikamoo yake, kisha utamke neno pombe. Usiseme dawa, usiseme kitu kidogo cha Kizungu. Mwambie kosa si lake, na mwambie kwamba uliona. Hilo la kuona usiliruke, ndilo zito. Usimwombe akufichie. Na jikoni kwa Maulidi usiingie mpaka akuite mwenyewe.

Huenda asikanyage tena kwenu. Kubali. Siku ile ulimwamulia kinachoingia kinywani mwake. Sasa mwachie aamue mwenyewe kama mtaendelea kusalimiana.