Dungu la Nyirangabo

Columbus, 6 Juni 2015

Dada Nyirangabo,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini hujambo, na kwamba mgongo umetulia tangu wakubadilishie zamu kule ghalani. Mimi sijambo, ila chakula hakishuki vizuri.

Jana nilikukatia simu. Najua. Wewe ulikuwa unapiga kelele, mimi napiga kelele, na majirani zangu hapa Clintonville hata mbwa wao wanabweka kwa sauti ya chini. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi naweza kukasirika kwa adabu.

Jibu langu ni hapana. Sitakuja Louisville Jumamosi kukushikia nguzo. Uliponunua ekari zako sita nje ya mji tulifurahi sote, tukajua utalima. Sasa unataka kujenga dungu la kuwindia: kibanda juu ya nguzo nne, futi kumi kutoka ardhini, chenye tundu la kupitishia bunduki. Bunduki, Dada! Jirani yako wa mashariki mwaka mzima hajakusalimia. Siku moja atainua macho aone mwanamke mweusi ameketi juu na silaha. Atapiga simu. Na atakayekuja hatauliza kama unaimba kwaya. Habari unazitazama kama mimi. Mtu wa rangi yetu akionekana na kitu kinachofanana na bunduki, maswali huulizwa baadaye, yeye akiwa amelala chini.

Halafu nyama yenyewe. Sisi ni watu wa ng'ombe. Tangu lini nyumbani kwetu ikaliwa nyama ya porini? Mama alitufundisha kwamba inakausha maziwa ya zizi zima. Angekuona leo angesema nini?

Acha, Dada. Nakuomba kwa hasira, lakini nakuomba.

Mdogo wako,
Muhoza


Louisville, 14 Juni 2015

Mudogo wangu Muhoza,

Bon, salamu. Niko muzima, mugongo iko fasi yake. Barua yako ilifika, safi, kama shati imepigwa pasi. Nimeisoma mara mbili, kisha nimeiweka chini ya chupa ya mafuta.

Maziwa itakauka, unasema. Ya ng'ombe gani, Muhoza? Ile inakaa kwenye galoni, ndani ya frigo yangu hapa mutaani Iroquois? Nitaipigia magoti niiombe musamaha.

Sasa sikiliza, juu sitarudia. Mwaka jana nilipanda maharage mistari makumi mbili. Kulungu walikula yote, wakaniachia vijiti. Nilikimbia na fimbo. Wao waliondoka polepole, wakageuka kunitazama kama mimi ndiye mugeni. Kule milimani, fasi tulizaliwa, tuliambiwa wageni. Kambini ya wakimbizi, wageni. Hii ni ardhi ya kwanza yenye jina yangu kwenye karatasi, na hata nyama ya pori inaniuliza nimetoka wapi? Hapana. Mwaka huu nitakula ile iliyokula maharage yangu. Muzee wa kazini, yule anaendesha forklifti ya kuinua mizigo, alisema mwenye shamba anaweza kuwinda kwake mwenyewe. Alinichorea kibanda nyuma ya boksi. Alitaka kuja kusaidia, nikakataa. Nilisema niko na mudogo wangu.

Donc Jumamosi nilikungoja mpaka saa ine. Kisha nilifanya peke yangu. Nilichimba mashimo ine, kila moja inafika kwenye paja. Nguzo ya kwanza ilinishinda mara tatu. Mara ya ine nilifunga kamba kwenye ncha yake, nikaipitisha juu ya tawi ya muti, nikaifunga kwenye gari, nikaendesha polepole kama nabeba mayai. Hakuna mutu wa kuniambia simama. Basi nilifunga kitambaa nyekundu kwenye ncha ya nguzo, nikawa naitazama kwenye kioo. Kitambaa ilipofika juu ya muti, nikapiga breki. Iko wima, Muhoza. Nilipima na pima maji. Iko wima kukupita wewe.

Mimi nilikubeba kwenye mugongo siku mbili, tukitoka kwetu. Wewe hauwezi kunishikia nguzo saa moja.

Dada yako mwenye hasira,
Nyirangabo


Columbus, 2 Julai 2015

Dada Nyirangabo,

Salamu. Natumaini joto halijakuzidi huko. Mimi nimepata homa kidogo, imepita.

Umenikumbusha ule mgongo. Kila tukigombana unanikumbusha, na kila mara nanyamaza kwa sababu sina cha kulipa mgongo. Safari hii sinyamazi. Ulinibeba ili niishi. Basi na mimi nina haki ya kutaka uishi.

Kaka Karaha alinipigia kutoka Buffalo kuhusu arusi ya binti yake Hadassa mwezi wa kumi. Aliuliza habari zako, nikamwambia. Sikukusudia, lakini yeye ndiye mkubwa wetu, na mimi kudanganya sijui. Amekasirika sana. Anasema kama ni njaa ungesema.

Swali moja tu, la kazini kwangu. Una kibali cha ujenzi? Kutwa nakaa dirishani kwenye ofisi ya vibali napokea fomu za watu waliodhani hawahitaji kibali. Wanakuja wakicheka, wanaondoka kimya. Tafadhali nijibu hilo tu. Mengine nitukane upendavyo.

Mdogo wako,
Muhoza


Louisville, 19 Agosti 2015

Muhoza,

Sikuulizi habari ya afya. Nadhani uko muzima, juu mukono yako ilikuwa na nguvu ya kuandika.

Leo muchana mutu wa ofisi ya kaunti alifika shambani. Mutaratibu, amevaa kofia, ameshika karatasi. Mimi niko juu, napiga musumari ya mwisho ya paa. Aliita jina yangu yote, sawasawa, hata ile herufi wazungu wanaruka. Nikashangaa. Nikashuka. Akasema ameleta jibu ya fomu. Fomu gani? Akanionyesha.

Muhoza. Nilikufundisha kuandika kwa kijiti, kwenye udongo, mbele ya hema. Unadhani sitajua herufi yako?

Jina ya mwenye ardhi: umeandika. Anwani: umeandika. Urefu: futi kumi. Kazi yake: kuwinda. Nani alijenga: mwenye ardhi, peke yake, bila fundi. Ulitoa hiyo kwenye barua yangu! Nilikuandikia juu ya kitambaa nyekundu ili uone aibu, wewe ukaipeleka serikalini!

Alipima na kamba yake. Akasema kibanda iko muzuri, imekaza, yeye mwenyewe alipanda akakaa. Lakini mupaka iko karibu. Lazima nisogeze futi kumi na moja, mbele msimu ya kuwinda ianze, ao nibomoe. Hakuwa mutu mubaya. Aliuliza, "Huyu Muhoza ni jirani yako?"

Nikamwambia ndiyo. Ni jirani.

Nyirangabo


Columbus, 23 Agosti 2015

Dada yangu,

Nakusalimu, ingawa hukunisalimu.

Haikuwa mashtaka. Ilikuwa swali. Wiki tano ulikaa kimya, na mimi kila siku nakuona umejiwa na watu wenye amri ya kubomoa, umesimama hapo unapiga kelele kwa Kiswahili. Nikaingia kwenye tovuti ya kaunti yenu niulize tu kama kibanda cha namna hiyo kinahitaji kibali. Kulikuwa na fomu ya maswali ya kuchapisha na kutuma kwa posta. Juu yake wameandika kwamba sehemu zenye nyota ndizo za lazima. Nafasi za jina lako na anwani hazikuwa na nyota. Nimeitazama tena nakala yangu. Hazikuwa na nyota.

Nilijaza zote. Unajua kwa nini. Mama aliacha nafasi moja tu wazi kwenye fomu yetu ya kuomba kuhamia huku, kule kambini, tarehe ya kuzaliwa ya Kaka Karaha, kwa sababu hakutaka kudanganya na hakuikumbuka. Faili likarudishwa. Tukaanza foleni upya, miaka minne, na Mama hakuuona mwisho wake. Tangu siku hiyo siwezi, Dada. Nikiona nafasi wazi mkono unakwenda wenyewe. Hata kwa daktari wa meno najaza jina la babu.

Siombi unielewe. Nimekosa. Lakini kuniita jirani! Umenikasirisha kuliko nilivyowahi kukasirika, na sina mtu wa kumkasirikia ila mimi.

Nitakuja kukusaidia kusogeza nguzo. Nitajie siku.

Mdogo wako,
Muhoza


Columbus, 14 Septemba 2015

Dada,

Hujambo? Nimepiga simu mara tisa. Barua ya Agosti uliipata? Andika hata neno moja. Hata tusi.

Muhoza


Buffalo, 11 Oktoba 2015

Dada Nyirangabo,

Salamu kutoka Buffalo. Baridi imeshaanza, upepo wa ziwa unapita ndani ya koti. Naandika nikiwa kituo cha basi.

Hadassa aliolewa jana. Alipendeza. Wakati wa kumbariki kwa maziwa ulipofika aligeuka huku na huku akauliza mbele ya watu wote, "Shangazi Nyirangabo yuko wapi?" Kwa sababu ni wewe, dada wa baba yake, uliyepaswa kumshikia kibuyu. Mimi nilidhani umekataa kuja. Kumbe Kaka Karaha hakukualika. Akasimama akasema, "Aliyeamua kula wanyama wa pori hashiki kibuyu cha maziwa mbele ya binti yangu."

Halafu akatoa barua mfukoni. Ni barua yako ya Juni. Nilimtumia nakala, Dada. Nilitaka anisaidie kukuzuia. Hilo nalo ulijue kutoka kwangu, nisingoje mwingine akwambie. Akaisoma yote kwa ile sauti yake ya mimbarini. Alipofika kwenye galoni ndani ya frigo, mama mzee Bamurange, aliyemjua Mama tangu ujana, alicheka mpaka akashikilia meza. "Huyo ndiye msichana wa Rakeli!" akasema. "Hajabadilika!" Wengine wakacheka. Kaka Karaha akaona anashindwa, akanigeukia. "Muhoza, wewe umesoma. Waambie."

Nilisimama. Unanijua nikisimama mbele ya watu. Nikasema, "Kaka, hayo maziwa ya kwenye kibuyu yametoka dukani leo asubuhi. Galoni tatu. Nimeyabeba mimi."

"Kaa chini."

"Na mwenye kuyabariki kwa haki yuko Louisville, anahamisha nguzo peke yake kwa sababu mimi ni mwoga na wewe ni mwenye kiburi."

"Kaa chini, karani!"

Sikukaa. Niliondoka na mkoba wangu, sikula hata wali. Nimemkasirikia Kaka, nimewakasirikia waliokaa kimya, na zaidi mimi mwenyewe, kwa sababu nimepata ujasiri umbali wa maili mia tano kutoka mahali ulipohitajika.

Nataka kuja. Nipe ruhusa.

Mdogo wako,
Muhoza


Louisville, 1 Novemba 2015

Muhoza,

Niko muzima. Nadhani wewe pia.

Hadassa alinipigia simu, analia. Mama Bamurange alinipigia, anacheka. Wote walinieleza juu ya galoni, donc hiyo naamini. Nakala ya barua pia naamini. Nilikaa na hiyo siku nyingi. Niliunguza nyanya mbili sufuriani nikiwaza hiyo.

Kibanda nilishusha mbao kwa mbao. Nguzo tatu nimeshahamisha, na kamba, na gari, na kitambaa. Ya ine iko chini, kwenye nyasi. Si kwamba imenishinda. Usijipe moyo. Msimu inafunguka Jumamosi tarehe 14, na Jumamosi hii tarehe 7 niko shambani kutoka asubuhi.

Nina hasira bado. Usifikiri imeisha. Nikikuona labda nitakupiga na pima maji. Na barua zako sitaki tena, unaandika vizuri kupita vile unatenda. Wewe ni mutu wa fomu, basi nimekuandikia fomu. Ijaze, irudishe. Bila fomu haupiti kwenye lango yangu.

Sikuweka nyota.

Nyirangabo, mwenye ardhi


FOMU YA KUINGIA KWENYE ARDHI YA NYIRANGABO

1. Jina yako yote:
Muhoza, mtoto wa Rakeli.

2. Wewe ni nani kwa mwenye ardhi:
Mdogo wake. Si jirani.

3. Unakuja kufanya nini:
Kushika nguzo ya nne. Kama imeshasimama, kushika ngazi.

4. Unaogopa nini:
Jirani wa mashariki. Bunduki. Polisi. Urefu. Kaka Karaha. Pima maji. (Naendelea nyuma ya karatasi.)

5. Nyama yake utakula, ndiyo ao hapana:
Ndiyo. Naomba yangu ichomwe sana.

6. Majina na anwani ya watu wote utakaowaambia mambo uliona hapa:



Tarehe: 4 Novemba 2015

Sahihi: Mdogo wako, Muhoza