Kaiyaba za Rael

Jumamosi, 6 Aprili
Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimempiga farasi wangu Tamu brashi. Jeraha la mguu limekauka. Seng'enge ya kutu nimeing'oa yote, haitamkata tena. Walipofunga zizi la farasi kule estate ya chai waliniachia yeye, na sina mwingine.

Sasa ni ua wa miti, kulizunguka shamba la chini. Rael ana kitalu cha miche hapa Sosiot, rafiki yangu tangu darasa la tatu. Nilimwambia mpaka akanicheka: kaiyaba tupu. Miiba yake inazuia ng'ombe wa watu na haina sumu kwa farasi. Ule mti wa maua ya rangi ya chungwa asilete hata mmoja. Unaua.

Kikundi chetu cha akina mama, Rael akiwa mmoja wao, kilikuja kupanda miche yake, leo ni zamu yangu. Nilishinda jikoni. Mwenye shamba hupika, wenzake hupanda, naye hakagui. Kukagua ni kuwaita waongo. Walikula wakamaliza sufuria. Nimefurahi sana leo.

Alhamisi, 16 Mei
Mvua. Majani chai yananishinda kuchuma. Shamba la chini bado nimelifunga, nyasi ziote. Nikisimama langoni naona mstari wa kijani kando ya mto. Umeshika. Rael ana mkono mzuri.

Jumapili, 14 Julai
Jana nilimfungulia Tamu shamba la chini. Leo nimetoka kanisani nikamkuta amelala. Jasho. Anatetemeka. Hataki maji.

Daktari wa mifugo amekuja kutoka Kericho. Akateremka mtoni, akarudi na tawi mkononi. Maua ya chungwa. Sikuamini, nikashuka mwenyewe. Upande wa barabara ni kaiyaba, safi kabisa. Upande wa mto wote ni ule mti. Nimevunja jani nikanusa. Ndio wenyewe.

Jumatatu, 15 Julai
Tamu amekufa asubuhi. Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Jumanne, 16 Julai
Nimeenda kwa Rael. Hakukana. "Kaiyaba ziliisha, na watu washafika. Nikaona aibu. Kwani farasi hukula fence?"

Alijua. Nilimwambia kwa mdomo wangu. Angekuja jikoni aseme tu, tungeacha upande ule wazi, mambo yaishe.

Na wale wengine wa kikundi? Wote wanafuga, wote hufukuza mbuzi wao wasiukaribie ule mti. Waliushika, wakaufukia, wakaja wakanawa mikono, wakasifu viazi vyangu. Mdomo haukufunguka hata mmoja. Nimesalitiwa na watu wanaoniita dada. Nina hasira nao wote, lakini Rael ndiye ananiuma.

Jumamosi, 27 Julai
Zamu ya Rael. Nilienda, zamu ni zamu. Tulipanda nyasi za napia mteremko mzima. Mashimo yangu yalikuwa ya kina, mstari wangu umenyooka. Kila kipande kilikuwa kizima, nilikigeuza kwanza nikaangalia.

Rael alikuwa jikoni. Hakuja kukagua.

Walipoita chakula nilinawa udongo, nikachukua jembe langu, nikatoka. Alisimama mlangoni na sahani yangu. Alikuwa ameshapakua.

Nyumbani nimekula ugali baridi na maziwa ya mursik.